Wanyama Wengi Mtoni Wakati wa Kiangazi ni Habari ya Maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumzie jinsi magazeti yetu, pamoja na sisi tunaofanya kazi porini, tunavyowasimulia wanyama wanaoonekana katika kambi za utalii wakati wa kiangazi. Kila mwaka, kuanzia Julai hadi Oktoba, husomwa habari zinazofanana: kwamba katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha wageni wameshuhudia makundi makubwa ya tembo, nyati na simba kandokando ya mto, na kwamba wingi huo ni ushahidi kuwa wanyamapori wetu wanastawi. Sehemu ya kwanza ya habari hizo ni ya kweli, nami ni shahidi wake. Sehemu ya pili haitokani na ile ya kwanza, na kwa kuwa mimi mwenyewe niliisema mbele ya wageni kwa miaka kadhaa bila kuitafakari, naona nina wajibu wa kuisahihisha hadharani.

Kazi yangu ni kuongoza watalii. Nimeifanya kwa misimu kumi na tisa katika kambi ndogo ya mahema iliyo karibu na Mto Ruaha Mkuu, na kwa sehemu kubwa ya muda huo nimekuwa mtunzaji wa daftari la wanyama. Daftari hilo hukaa juu ya meza katika banda la chakula, na kila jioni, kabla wageni hawajaitwa mezani, waongozaji huandika humo wanyama waliowaona, mahali walipowaona, saa, na idadi kadiri walivyoweza kuhesabu. Madaftari ya miaka iliyopita yamehifadhiwa katika sanduku la bati ili mchwa wasiyafikie. Nayataja kwa sababu haya ninayoyaandika yametokana na kuyasoma kwa mfululizo, mwezi baada ya mwezi, wakati wa mvua ambapo kambi hufungwa na mtu hupata nafasi ya kukaa na kufikiri.

Pengine niseme kwanza ni kiangazi kipi ninachokizungumzia, kwa kuwa msomaji wa pwani akisikia neno hilo huenda akawaza joto la Januari na Februari. Huku kwetu Iringa kiangazi ni kile kipindi kirefu kisicho na mvua, kinachoanza Mei na kuendelea hadi Novemba, na miezi yake ya katikati huwa na asubuhi za baridi kiasi kwamba wageni hujifunika blanketi ndani ya gari la wazi. Kwa watu wa Ulaya na Marekani miezi hiyo huangukia likizo zao za majira ya joto, kwa hiyo kambi hujaa wakati uleule ambao nchi imekauka. Kukutana huko kwa likizo ya wageni na ukame wetu ndiko kumeifanya picha moja ya Ruaha ijulikane duniani kote, na picha nyingine zisijulikane kabisa.

Msomaji ambaye hajawahi kufika anastahili kuelezwa picha hiyo, maana ni jambo la kustaajabisha na sina nia ya kulipunguza. Mwezi Agosti, mtu akiketi juu ya ukingo wa mto kuanzia saa tatu asubuhi, ataona swala pala wakiteremka kwa mstari, wakifuatwa na pundamilia wanaosimama kila baada ya hatua chache kusikiliza. Kuro, ambao hawapendi kwenda mbali na maji, watakuwa wamekwisha kufika. Twiga atakuja peke yake au na wenzake wawili watatu, atatazama upande huu na ule kwa muda mrefu kuliko mnyama mwingine yeyote, kisha atapanua miguu yake ya mbele ili shingo iyafikie maji, na katika hali hiyo ataonekana dhaifu kama alivyo kweli. Kufikia saa tano jua likishapanda, familia za tembo hutoka katika vichaka vya upande wa pili, zikiongozwa na majike wazee, na watoto hukimbia hatua za mwisho kwa sababu wameshasikia harufu ya maji. Jioni huja nyati, mamia kwa mamia, na vumbi lao huonekana kabla wao wenyewe hawajaonekana. Simba huwa wamelala kivulini karibu na mapito hayo yote, wakisubiri.

Ruaha ina sifa nyingine inayofanya orodha ya daftari letu iwe ndefu, nayo ni kwamba misitu ya miombo ya kusini inakutana hapo na vichaka vya miiba vya mashariki na kaskazini. Kwa sababu hiyo mgeni anaweza kumwona tandala mkubwa na tandala mdogo katika hifadhi moja, na akiwa na subira anaweza kumwona korongo, nasema yule mnyama wa jamii ya swala na si ndege, pamoja na palahala mwenye pembe zilizopinda kuelekea nyuma. Wanyama hawa wawili wa mwisho ni wa miombo, na katika madaftari yetu hutokea mara chache, wakati mwingine kwa mistari miwili au mitatu katika msimu mzima. Nitarudi kwao baadaye.

Sasa naomba msomaji azingatie eneo lenyewe. Pori la Akiba la Usangu lilipounganishwa nayo mwaka 2008, Hifadhi ya Ruaha ilifikia ukubwa wa takriban kilomita za mraba 20,200, na ilikuwa hifadhi ya taifa kubwa kuliko zote nchini hadi Hifadhi ya Nyerere ilipoanzishwa mwaka 2019. Wakati wa mvua, yaani kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, maji hupatikana karibu kila mahali katika eneo hilo: kwenye vidimbwi vya mbugani, kwenye mashimo ya miamba, kwenye vijito ambavyo havina hata majina. Wanyama hutawanyika. Nyati wanaohitaji kunywa kila siku wanaweza kukaa majuma kadhaa bila kuukaribia mto, na tembo huingia ndani ya miombo ambako hakuna barabara. Mvua zikikoma, vidimbwi hukauka kimoja baada ya kingine, na kila kinapokauka kimoja wanyama waliokitegemea husogea kuelekea kilichobaki, mpaka ifikapo Septemba sehemu kubwa ya wale wanaolazimika kunywa wamebanwa katika ukanda mwembamba ulio kandokando ya mto na karibu na chemchemi chache.

Barabara za wageni ziko katika ukanda huohuo, na kambi zetu ziko hapohapo.

Mfano wake tunao vijijini kwetu. Mtu akipita katika kijiji ambacho visima vyote vimekauka isipokuwa kimoja, atakuta msururu mrefu wa ndoo na akina mama waliofika tangu alfajiri, na hatarudi mjini kuandika kwamba kijiji hicho kimeongezeka watu. Ataandika kwamba kijiji kina shida ya maji. Lakini mtu huyohuyo akifika kwenye mto wetu mwezi Oktoba na kukuta msururu wa tembo, ataandika kwamba tembo ni wengi. Wote wawili, tembo na akina mama wale, wamefika hapo kwa sababu moja.

Naomba nieleze siku iliyonifanya nianze kulifikiria jambo hili. Ilikuwa Oktoba, mwaka ambao mvua za nyuma yake zilikuwa haba. Katika kona moja tu ya mto, bila kuendesha gari zaidi ya mwendo wa dakika ishirini kutoka kambini, tulikuta simba wakila nyati, tembo wakisukumana kwenye shimo la maji, na viboko waliosongamana katika dimbwi lililokuwa dogo kuliko uwanja wa mpira, migongo yao ikigusana kiasi kwamba ndege walitembea juu yao kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Wageni wangu walifurahi sana, na nilifurahi pamoja nao. Jioni ile niliandika katika daftari kwamba hiyo ilikuwa siku bora ya msimu. Siku chache baadaye dimbwi lile lilibaki tope, na mwishoni mwa msimu nilipopita tena katika kona ileile nilikuta mafuvu ya viboko na mzoga wa tembo mdogo ambaye hakuna aliyekuwa amemgusa kwa ajili ya pembe, maana hakuwa nazo. Sentensi yangu bado imo katika daftari na sijaifuta. Kila nikiisoma naona kwamba niliandika juu ya bahati ya macho yetu, nikaiita hali ya mto.

Kiboko ndiye anayetuonyesha ukweli mapema kuliko wengine, kwa sababu ngozi yake haiwezi kuvumilia jua la mchana kutwa. Usiku hutoka kwenda kula majani, lakini mchana lazima awe ndani ya maji au ndani ya tope. Dimbwi linaposinyaa, madume ambayo kwa kawaida yangekaa mbalimbali, kila moja na sehemu yake ya mto, hulazimika kukaa pamoja, na hapo hupigana hadi kuuana. Kinyesi chao huyaozesha maji yaliyobaki, samaki hukosa hewa, na wanyama wengine wanaokuja kunywa hunusa na kurudi nyuma. Wakati huo kongoti na furukombe huonekana kwa wingi usio wa kawaida, wakiokota samaki wanaokufa, na mgeni mwenye kamera hupata picha nzuri sana za ndege.

Tembo wana njia yao ya kujiokoa, na ningependa waandishi waiandike zaidi kwa sababu ina mafunzo mengi. Katika mito ya mchanga kama Mwagusi, ambayo juu yake huonekana mikavu kabisa, tembo huchimba kwa miguu ya mbele na mkonga mpaka wayafikie maji yaliyo chini ya mchanga, kisha husubiri tope litulie kabla ya kunywa. Tembo akishaondoka, huja nyani, ngiri, swala na kanga kunywa katika kisima kilekile ambacho wasingeweza kukichimba wenyewe. Tembo pia huibandua mibuyu magome na kuitafuna kwa ajili ya unyevu wake, na makovu hayo, baadhi yakiwa juu kuliko mtu anavyoweza kufikia akiwa amesimama garini, ni kumbukumbu ya viangazi vilivyopita kwa yeyote anayejua kuyasoma. Lakini kisima cha mchangani kinategemea maji yaliyoingia mchangani wakati wa mvua. Tembo mkubwa hunywa lita 100 au zaidi kwa siku, na mchanga usiopata maji ya kutosha wakati wa mvua hauna cha kumpa mwezi Oktoba.

Hapa ndipo habari ya wanyama inapogeuka kuwa habari ya mto. Jina Ruaha latokana na neno la Kihehe lenye maana ya mto tu, kana kwamba wazee walioupa jina hilo hawakuona sababu ya kuutofautisha na mingine, na hadi miaka ya karibuni ulijulikana kuwa mto unaotiririka mwaka mzima. Mwishoni mwa mwaka 1993 uliacha kutiririka ndani ya hifadhi, na tangu hapo umekuwa ukiacha kutiririka karibu kila kiangazi, katika miaka mingine kwa majuma machache na katika mingine kwa miezi. Sababu yake haiko ndani ya hifadhi tunayowaonyesha wageni. Iko juu, katika bonde la Usangu, ambako mito inayotiririka mwaka mzima, yaani Ruaha Mkuu wenyewe, Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera, hukusanya maji yake katika ardhi oevu ya Ihefu kabla hayajatoka kupitia mwamba wa Ng'iriama. Mwamba huo hufanya kazi kama kizingiti cha mlango: maji ya Ihefu yakiwa juu yake, mto hutiririka kuelekea hifadhini, yakishuka chini yake, hata kama Ihefu bado ina maji, hakuna tone linalovuka. Kwa hiyo upungufu unaoonekana mdogo huko juu, wa maji yanayochepushwa kwenda mifereji ya mashamba wakati wa kiangazi, unaweza kuwa ndio tofauti kati ya mto na mchanga huku chini.

Sitaki barua hii isomwe kama mashtaka dhidi ya wakulima wa Mbarali, wilaya iliyo katika bonde hilo. Mpunga wao unalisha nchi, na mifereji ileile ndiyo inayowapa maji ya kunywa, ya kuoga na ya kunyweshea mifugo. Tatizo ambalo watu wa bonde lile wenyewe hulieleza ni kwamba mifereji mingi huendelea kuchota hata baada ya mavuno, wakati shamba halihitaji tena kiasi hicho, na maji mengi hupotelea njiani. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Ndugu Frederick Sumaye, alitangaza dhamira ya serikali kwamba Ruaha Mkuu ungerudi kutiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Hatua mbalimbali zimechukuliwa tangu hapo, nyingine zikiwa chungu kwa wafugaji walioondolewa Ihefu mwaka 2006. Mwaka 2010 ulipita, na mimi nimeendelea kuvuka mto kwa miguu bila kulowesha viatu. Mto huohuo ndio unaokwenda kujaza bwawa la Mtera, kisha Kidatu, kisha kuingia Rufiji, kwa hiyo hata msomaji asiyejali tembo ana sababu ya kuuliza habari zake kila anapowasha taa.

Nimesema kwamba wingi mtoni hautuambii hesabu ya wanyama, na huenda mtu akadhani natia shaka bila msingi. Basi tuangalie jinsi hesabu inavyofanywa na wenye utaalamu. Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, TAWIRI, huhesabu tembo kwa ndege wakati wa kiangazi, miti ikiwa imepukutisha majani, kwa kupita juu ya eneo lote kwa mistari iliyopangwa na si juu ya mto pekee. Hesabu ya mwaka 2014 ilionyesha tembo 8,272 katika mfumo ikolojia wa Ruaha na Rungwa. Iliporudiwa mwaka 2015, ilionyesha 15,836. Ikiwa watu wenye ndege, mafunzo na ramani wanaweza kupata tofauti ya namna hiyo katika kipindi cha mwaka mmoja, ni vigumu kuona jinsi mgeni aliyekaa siku tatu kwenye ukingo, au mimi niliyekaa misimu kumi na tisa kwenye ukingo uleule, tunavyoweza kutangaza kwamba wanyama wameongezeka. Katika nchi nzima, tembo walipungua kutoka zaidi ya 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014 kwa sababu ya ujangili. Nami nashuhudia kwamba katika miaka ileile madaftari yetu ya kiangazi yaliendelea kuandika siku nzuri, kwa kuwa tembo waliobaki walikuja mtoni kama wenzao walivyokuwa wakija.

Hasara ya miaka ile ina upande mwingine ambao hauonekani mtoni. Mwaka 1993, mwaka uleule ambao Ruaha Mkuu uliacha kutiririka, Hifadhi ya Tarangire ilipata ukame mkali, na watafiti waliokuwa wakizifuatilia familia za tembo huko waliona kwamba takriban mtoto mmoja kati ya kila watano alikufa, wakati katika miaka ya kawaida hufa kama wawili kati ya mia. Familia zilizotoka nje ya hifadhi kutafuta maji na malisho zilipoteza watoto wachache zaidi, na zilikuwa zile zenye majike wazee, ambao kwa umri wao huenda walikumbuka walikopelekwa na mama zao katika ukame wa zamani. Jangili huchagua pembe kubwa, na pembe kubwa ni za wazee. Kwa hiyo ninapoliona kundi la tembo wachanga watupu limesimama Oktoba kwenye dimbwi la tope na haliondoki, siwezi tena kuwaambia wageni kwamba limetulia. Nawaambia kwamba inawezekana halijui pa kwenda, kwa sababu aliyejua hayupo.

Simba nao hutupotosha kwa namna yao. Kiangazi kikiwa kikali, simba wa Ruaha hunenepa, kwa kuwa nyati dhaifu na twiga anayeinama humfuata hadi kivulini kwake, na kundi kubwa linaweza kukaa mahali pamoja kwa majuma. Tangazo la kampuni moja nililoonyeshwa na mgeni wangu lilitaja unene huo kama dalili ya hifadhi yenye afya. Simba mnene mwezi Oktoba anatuambia tu kwamba wanyama wanaoliwa wamechoka.

Kuhusu masika sina mengi ya kusema, kwa sababu madaftari yenyewe hayana mengi. Kambi yetu hufungwa wakati barabara zinapozama, na katika majuma tunayofanya kazi kabla ya hapo kurasa huwa na nafasi tupu nyingi: swala pala na watoto wao waliozaliwa kwa pamoja mvua zilipoanza, digidigi, twiga wachache, nyayo za tembo za jana, ndege wengi. Wageni huniuliza kwa masikitiko wanyama wamekwenda wapi. Hawajaenda popote nje ya makazi yao. Wamerudi kwenye makazi yao yote. Na wale korongo na palahala niliowataja, ambao hukaa miombo mwaka mzima na kutuonekania mara mbili tatu tu, wanatukumbusha kwamba kuna sehemu kubwa ya hifadhi ambayo hatuisemi kamwe kwa sababu haipiti mbele ya gari letu.

Nina maombi, Ndugu Mhariri, na la kwanza ni kwa wenzangu wa makambi. Tuandike katika madaftari yetu saa tulizotembea na umbali tuliokwenda, ili siku ya tembo wengi waliopatikana kwa dakika ishirini isilinganishwe na siku ya tembo wawili waliotafutwa kutwa nzima. Tuandike pia tusichokiona mahali tulipozoea kukiona, na tuandike mizoga bila kuona aibu mbele ya wageni. Tumeanza kufanya hivyo katika kambi yetu, na hakuna mgeni aliyelalamika. Wengi husoma kurasa hizo kwa makini kuliko zile za zamani.

Ombi la pili ni kwa gazeti lako. Ndani ya hifadhi, mahali panapoitwa Msembe Ferry, kuna kituo cha kupimia maji ya Ruaha Mkuu, na ofisi za Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ziko hapa Iringa mjini. Naomba kwamba kuanzia Julai hadi mvua zinapoanza, mara moja kwa juma, mchapishe kipimo cha maji yanayopita hapo, kama mnavyochapisha hali ya hewa na bei za mazao. Nafasi itakayohitajika ni mstari mmoja. Msomaji atakayeona picha ya tembo mia moja kwenye ukurasa wa utalii ataweza kutazama mstari huo na kujua kama anaona furaha au anaona foleni. Mkulima wa Mbarali ataweza kujua kama maji aliyoyaacha yapite yamefika. Na viongozi wataweza kuulizwa juma kwa juma badala ya kuulizwa baada ya miaka tisa. Mwandishi wako akitaka kufika, nitampeleka mwenyewe hadi kwenye kituo hicho, kisha kwenye mchanga wa Mwagusi, kisha kwenye kona ile ya dimbwi la viboko.

Nipo tayari pia kuwaletea nakala za kurasa za madaftari, bila majina ya wageni. Kati ya hizo upo mmoja wa mwezi Desemba ambao ningeomba utangulie kuchapishwa. Usiku wa kuamkia siku hiyo tulisikia mvumo upande wa juu wa mto, na kulipokucha maji ya rangi ya udongo yalikuwa yakipita mbele ya kambi, yakibeba povu, matawi na majani ya mwaka mzima. Mwenzangu alitembea kutwa na gari lake, akarudi jioni, akachukua kalamu na kuandika maneno manne: "Mto umefika. Tembo hawapo."

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwongoza watalii,
Iringa